Leteni Kile Mikono Yenu Inakijua

Hotuba kwa wanafunzi wapya wa Kiingereza, Kampala. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Walimu wetu, wazazi na walezi, wenyeji wetu wa Uganda, nanyi wadogo zangu mlioanza masomo wiki hii: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, amahoro. Poleni na safari. Wale mliofika juzi na bado mnahangaika kutafuta chumba Nsambya au Katwe, poleni zaidi.

Leo nitasema Kiswahili. Kuanzia Jumatatu mkinisalimia kwa Kiswahili darasani sitaitika, lakini leo nataka yule mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni asikie kila neno, na yule kaka wa Bukavu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu kwa Kiingereza asipitwe.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Wanaoijua Buyenzi wanajua: mtaa wa misikiti na mafundi magari, ambako mtoto anaongea Kirundi na Kiswahili kabla hajaingia shule kufundishwa Kifaransa. Kiingereza nilikuja kukitafuta hapa, kama ninyi. Sababu hazihitaji maelezo marefu. Rwanda ilianza kuhamishia masomo ya shule zake kwenye Kiingereza mwaka 2008. Burundi ilikifanya lugha rasmi mwaka 2014. Nchi hizo mbili ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022, na leo ukipeleka barua ya kuomba kazi Nairobi, Arusha au hapa hapa Kampala, Kiingereza ndicho utakachoulizwa kwanza.

Nilichoitiwa ni siku ya utamaduni. Mwisho wa kila muhula kila mwanafunzi husimama mbele ya wenzake, Wasomali, Waeritrea, Wasudani Kusini na sisi wa upande wa Maziwa Makuu, akaeleza kwa Kiingereza mila za kwao, kisha akajibu maswali. Nimekaa katika vyumba hivyo muda mrefu, kwanza nikiwa mwanafunzi, sasa nikiwa mwalimu, na maelezo ninayoyasikia ni yale yale. Nchi yangu iko katikati ya Afrika. Ina mikoa kadhaa. Tuna ngoma. Tunapenda wageni. Asanteni. Anakaa, makofi yanapigwa, na hakuna anayeuliza swali. Mwanafunzi ametumia maneno aliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza, na sisi tuliomsikiliza hatujamjua.

Nawaomba sana msifanye hivyo. Acheni nchi. Nchi ina mabalozi wake na vipeperushi vyake. Leteni kile mikono yenu inakijua: kitu unachokifanya bila kufikiri kwa sababu ulikifanya nyumbani tangu utotoni. Kusuka mkeka, kuanika samaki, kukanda mguu ulioteguka, kuchunga ndama, kufunga kilemba, kushona mpira wa matambara, kuimbia mtoto alale. Kieleze kwa Kiingereza mpaka Msomali aliyekaa mbele yako aweze kwenda kukifanya mwenyewe. Ukifika hapo umeshaonyesha utamaduni, na Kiingereza umekisoma vilevile.

Naomba niwape mfano. Kulikuwa na dada mmoja wa Uvira, Kongo, mpole, ambaye muhula mzima alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa. Siku yake ilipofika alileta ndagala, yaani dagaa, wakavu kwenye mfuko wa plastiki, akawamwaga juu ya karatasi. Alianza na sentensi moja: hawa wanavuliwa usiku usio na mwezi. Mwalimu akauliza kwa nini. Yule dada akalazimika kujibu. Kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti samaki, na wavuvi wa Ziwa Tanganyika hutegemea taa. Zamani karabai, siku hizi mara nyingi za betri. Mwanafunzi mwingine akauliza wakivuliwa wanafanywa nini. Wanaanikwa. Wapi? Kwenye mchanga, au kwenye chanja za waya. Tofauti ni nini? Wa mchangani wanabeba mchanga, mlaji anasikia mchanga menoni, bei inashuka. Wa kwenye chanja ni safi na bei yake ni nzuri. Mvua ikinyesha je? Hapo akacheka, akainua mikono, akaeleza jinsi ukoo mzima unavyotoka mbio, watoto kwa wazee, kukusanya samaki kabla ya mawingu kufika, na wakilowana wakaoza hasara ni ya nani, ya mvuvi au ya mama aliyewanunua wabichi kwa mkopo.

Hakuwa na maneno yote. Aliazima, alionyesha kwa vidole, aliuliza neno, akapewa, akalitumia papo hapo, akalirudia tena. Mwisho wa kipindi alikuwa ameongea Kiingereza kingi kuliko muhula mzima. Sisi nasi tulikuwa tumejua kitu cha kweli kuhusu Uvira: kwamba kuna mama anayeangalia mwezi ili ajue kesho atauza nini.

Kuna sababu nyingine ya kuwaomba hivi, nayo inanigusa zaidi.

Ukisema hapa kwamba umetoka Kongo, swali linalofuata ni vita. Ukisema Burundi, ni makabila. Ukisema Rwanda, ni mwaka 1994. Wanaouliza si watu wabaya. Uganda imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, wenyeji wetu wameona malori yakifika mpakani, wanajua kilichotuleta wengi wetu, na wanauliza kwa huruma. Lakini mtu akiulizwa vita kila siku, Kiingereza chake kinakuwa cha vita. Nina wanafunzi wanaojua vizuri maneno ya usaili, kambi, hifadhi, mateso, fomu, alama za vidole. Wameyajifunza mapema kwa sababu maisha yao yalikuwa mezani pa afisa. Waambie waeleze mama yao alivyokuwa anapika, wananyamaza. Hilo linaniuma. Mtu amefika katika lugha mpya akiwa na nusu yake tu, ile iliyojeruhiwa, na nusu nyingine iliyokuwa ikiamka asubuhi, ikapiga deki, ikatania jirani na kushangilia mpira, haina njia ya kutoka.

Siku ya utamaduni inampa njia hiyo. Ndiyo maana siichukulii kama burudani ya kufungia muhula. Sisemi mfiche yaliyotokea. Asiyetaka kusahau ana haki, na anayetaka kusimulia atapata masikio hapa. Nasema tu kwamba yasiwe ndiyo pekee mnayoweza kuyasema.

Haya, twende jikoni, maana kila mwaka watatu au wanne wanachagua chakula, na wengi wanakipoteza kwa kukisifia. Chakula chetu ni kitamu sana! Kitamu namna gani? Kinapikwaje? Chukueni sombe, ambayo Watanzania wanaiita kisamvu. Wengi mlioko hapa mmekua nayo. Unaanza na majani machanga ya muhogo, yale ya juu, si yaliyokomaa. Unatoa vikonyo. Wengine wanayapitisha kwenye maji ya moto yalegee kwanza. Yanaingia kwenye kinu kidogo kidogo, kwa sababu ukijaza kinu mchi unarusha majani nje na unachoka bure. Unatwanga pamoja na kitunguu majani na pilipili hoho mpaka yawe laini, rangi igeuke kijani cha giza na harufu ibadilike. Kisha chunguni, na maji ya kutosha, na hapa ndipo wageni wanapokosea: wanataka iive kwa dakika kumi kama mchicha. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana viini vinavyotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga kunavipasua, kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika kunaiondoa sumu na mvuke. Bibi zetu hawakuwa na jina hilo la kikemia lakini walimgombeza binti aliyeweka mfuniko mapema. Baadaye ndipo unatia mawese, nyanya chungu, karanga za kusaga au ndagala, kulingana na mfuko na ukoo, maana kuna nyumba Bujumbura ambako karanga na ndagala katika chungu kimoja ni ugomvi.

Hesabuni vitendo nilivyovitaja: kutoa vikonyo, kutwanga, kulegeza, kugeuza, kurusha, kuchemsha, kufunika, kutia, kusaga, kugombeza. Kitabu cha darasani kitawafundisha kuagiza chakula hotelini. Kuepua chungu hakitawafundisha. Mtu anayeweza kueleza sombe kwa Kiingereza, na kwa nini mfuniko usiwekwe mapema, anaweza kesho kueleza kwa mwajiri jinsi mashine inavyowashwa, au kwa daktari jinsi maumivu yalivyoanza na yakaelekea wapi.

Sasa ngoma. Najua Warundi mnanisubiri hapo.

Ngoma ya kifalme ya Burundi ni urithi ambao UNESCO iliuandikisha mwaka 2014, kama ilivyoandikisha rumba ya Kongo mwaka 2021 na densi ya Intore ya Rwanda mwaka 2024. Sote tuna cha kujivunia. Lakini mkisema tu kwamba tuna ngoma, kila Mwafrika darasani atasema naye anazo. Elezeni ya kwenu. Semeni kwamba gogo lake linatoka kwenye mti wa umuvugangoma, likafunikwa ngozi ya ng'ombe inayokazwa kwa vigingi. Semeni kwamba wapigaji wanaingia wamebeba ngoma kichwani huku wakizipiga, na kwamba zinapangwa nusu duara, kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, kuizunguka moja ya katikati, Inkiranya. Pembeni kuna zinazoshikilia mdundo mmoja bila kukoma, Amashakwe, na nyingine, Ibishikizo, zinaifuata Inkiranya popote inapokwenda. Elezeni Gishora, karibu na Gitega, mahali panapotajwa pamoja na Mfalme Mwezi Gisabo, ambako ngoma zilitunzwa kwa heshima. Ngoma hizi zilikuwa za ufalme: zilitangaza kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme, na sikukuu ya mtama, umuganuro.

Mtaulizwa swali moja gumu, nami napenda mlijue mapema: mbona hakuna wanawake? Jibuni kwa ukweli. Kwa desturi ngoma hiyo hupigwa na wanaume, na mwaka 2017 Serikali ya Burundi ilitoa amri inayowakataza wanawake kuipiga, na inayotaka kibali kabla ya kuipeleka nje ya shughuli za kiserikali. Wako Warundi wanaoona hivyo ndivyo heshima ya urithi inavyolindwa. Wako wengine, na mimi ni mmoja wao, wanaoona binti aliyezaliwa akiisikia ngoma hiyo ana haki ya kuigusa. Jirani zetu wa Rwanda wana kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, lililoanzishwa Huye mwaka 2004 na Odile Gakire Katese, na limezunguka dunia. Lisemeni hilo pia. Msiogope kuonekana mnatofautiana mbele ya wageni. Utamaduni ambao wenyewe hawabishani juu yake umebaki kwenye makumbusho, na kubishana kwa adabu kwa Kiingereza ni somo ambalo sijaona kitabu kikilifundisha vizuri.

Yapo pia mambo ya kuacha nyumbani. Mambo ya jando, ya wakunga, ya matanga, ya dawa za ukoo: kama aliyekufundisha alikuambia si ya kila sikio, usiyalete darasani ili upate alama. Mwalimu hatakulazimisha, na akikulazimisha njooni kwangu.

Wenyeji wetu nao wana mila zao. Wengi wetu tunakaa Kampala miaka tukila rolex, ile chapati ya mayai, na kikomando, ile chapati ya maharage, tukipanda boda boda, tukifika soko la Owino kununua mitumba, na hatujawahi kumuuliza Mganda hata jambo moja la kwao. Tunataka watusikilize tukieleza mila zetu, lakini masikio yetu tumeyaziba. Hiyo si haki, na pia tunajipunja. Nendeni mkaone olubugo, nguo yao ya gome la mti, inavyotengenezwa. Fundi anabandua gome la mti wa mutuba wakati wa mvua, anaufunika mti majani ya migomba ili gome lingine liote, kisha analipiga gome kwa nyundo za mti zenye mistari mpaka linatanuka likawa nguo laini ya rangi ya udongo. UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Mkirudi nyumbani waulizeni wazee wenu kuhusu impuzu. Babu zetu Burundi na Rwanda walivaa nguo ya gome la mti wa jamii hiyo hiyo, umuvumu. Nilimwona mwanafunzi wa mji wa Ngozi, Burundi, akishika olubugo akasema kwa Kiingereza, bila kuombwa, kwamba bibi yake alikuwa na kipande kama kile sandukuni. Fundi wa Kiganda akaacha nyundo akamsogelea. Waliongea mpaka tukachelewa basi. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kubahatisha na hakuna aliyejali.

Nasema hivyo pia kwa sababu ya Kiswahili chetu. Sisi wa Kongo, Burundi na Rwanda tunakimbilia Kiswahili tukikutana, na ni neema, kwa sababu kinatuunganisha. Lakini kumbukeni tulipo. Hapa Kampala wako wazee ambao Kiswahili kinawakumbusha askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka kwa mtu mwenye bunduki. Sasa mambo yanabadilika. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Hata hivyo, ukiingia dukani kwa mama wa Kiganda anza na salamu ya kwake. Maneno mawili ya Luganda yatamlainisha kuliko Kiingereza chako chote na Kiswahili changu chote. Na darasani msikae Waswahili benchi moja. Kaa na Mueritrea. Mueleze sombe. Yeye akueleze injera, mkate wa kwao, inavyochachushwa siku kadhaa kabla ya kupikwa, na kwa nini wote wanakula sahani moja.

Wazazi na walezi, nina ombi kwenu. Mtoto akija nyumbani akawauliza maswali ya ajabu, kwamba kwa nini mnamfunga mtoto mgongoni namna hii na si namna ile, au wimbo huu uliimbwa shambani au harusini, msimfukuze mkisema mambo hayo ni ya zamani. Anasoma. Mpeni jibu refu kwa lugha yenu. Yeye atalibeba mpaka darasani, na huko atalitafutia Kiingereza chake. Na akikosea njooni mumsahihishe; milango iko wazi siku hiyo, na mama asiyejua neno la Kiingereza anaweza kukaa mbele akatwanga huku mwanawe akieleza. Tumewahi kufanya hivyo, na yule mama aliulizwa maswali mengi kuliko mwalimu yeyote.

Mipango iko hivi. Ifikapo Ijumaa kila mmoja amwambie mwalimu wake kitu kimoja alichokichagua, kimoja tu, kidogo kadiri iwezekanavyo. Usiseme harusi. Sema jinsi bibi harusi anavyopakwa hina, au nani anabeba mkeka. Usiseme uvuvi, sema wavu unavyorekebishwa. Wenye vifaa waje navyo. Kinu tumeshakipata, ameahidi mama mmoja wa Makindye, ila anaomba vijana wawili wakakibebe Alhamisi jioni kwa sababu ni kizito na hapandishi kinu chake kwenye boda boda. Wanaotaka kuanika kitu waje mapema tuone upande wa jua. Maswali siku hiyo yatakuwa kwa Kiingereza. Aliyekwama aulize neno kwa Kiswahili, aliye karibu naye amsaidie, kisha aendelee.

Asanteni sana. Sasa yule kaka wa Bukavu, simama tuanze na wewe: kwenu mnafanya nini kwa mikono?